Kitufe cha Kijani

Nawaandikia walimu wa vyuo vikuu ambao mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wamepewa nenosiri la mfumo wa mitaala: wakuu wapya wa idara, makatibu wa kamati, waratibu wa programu. Mmekaa nusu siku kwenye mafunzo, mkaonyeshwa ukutani namna ya kufungua pendekezo la kozi, namna ya kupakia viambatisho, na vile vitufe vitatu vilivyo chini kabisa ya ukurasa. Cha kijani kimeandikwa Idhinisha, cha njano Rejesha, chekundu Kataa. Mkufunzi amewaambia kwamba kazi iliyokuwa ikila mwaka mzima sasa inakwisha kwa wiki chache. Ni kweli, nimeyaona. Nataka kuwasimulia jambo ambalo mkufunzi hakulisema kwa sababu hakulijua. Sisi tulilijua kwa gharama ya mtoto wa mtu.

Chuo sitakitaja, wala majina ya watu. Mimi mwenyewe mtaniona humu ndani, maana miongoni mwa waliobofya nilikuwamo.

Kwanza niwaambie tulikotoka, msije mkadhani naililia karatasi. Mhadhiri aliyetaka kuanzisha kozi, au kuibadilisha, aliandika pendekezo lake kurasa kumi hivi, akalipeleka kwa mkuu wa idara. Likishapita kwenye kikao cha idara, zilitolewa nakala arobaini, zikafungwa kwenye makabrasha, tarishi akayazungusha ofisi kwa ofisi. Kikao cha kitivo kikiitishwa, akidi haitimii. Kikiitishwa tena, mwenyekiti yuko safarini. Pendekezo likirudishwa kwa marekebisho linaingia kwenye yatokanayo, na huko kwenye yatokanayo linaweza kulala mihula miwili. Ninamfahamu mwenzetu aliyependekeza kozi, akaenda nje kusoma uzamivu, akarudi na shahada yake, kozi bado iko masijala. Kwa hiyo mfumo ulipoletwa nilifurahi kuliko wengi, na nilikuwa miongoni mwa walioutetea Seneti.

Lakini katika ile njia ndefu palikuwa na kituo kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye sheria ndogo yoyote ya chuo. Alikuwako mama mmoja, afisa katika ofisi ya taaluma, ambaye sote tulimwita Mama Mitaala. Hakuwa na shahada kubwa na hakuwa mjumbe wa kamati yoyote, ila makabrasha yote yalipita mezani kwake kwa sababu yeye ndiye aliyeyapiga muhuri wa kupokelewa. Alikuwa na kaunta buku la jalada gumu, na ndani yake, kwa penseli, aliandika kila kozi ya chuo na programu zote zinazoitumia. Ukimletea pendekezo la kubadilisha kozi, alilamba kidole, akafungua ukurasa, akakuuliza: "Umewauliza wenzako?" Kama hukuwauliza, alikutajia idara tatu, akakurudisha ukachukue saini zao. Tulinung'unika sana. Tulimwona anachelewesha kazi.

Mfumo ulipochorwa, wataalamu walitutaka tutaje hatua za uidhinishaji na vyeo vya wanaoamua. Tukataja: mwandishi wa pendekezo, mkuu wa idara, kamati ya mitaala ya kitivo, amidi, maktaba, kurugenzi ya uhakiki ubora, kamati ya Seneti, Seneti. Vikachorwa visanduku vinane vyenye mishale kati yake. Mama Mitaala hakuwamo kwenye kisanduku chochote kwa sababu hakuwa na cheo cha kuamua. Hakuna aliyekusudia kumtoa. Tulimsahau tu, kama mtu anavyosahau kuitaja pumzi anapoulizwa anafanya nini asubuhi. Yeye akapewa kazi ya kuchapa vitambulisho.

Basi katika mwaka wa pili wa mfumo, mhadhiri kijana wa takwimu aliwasilisha pendekezo. Nasema bila kusita kwamba lilikuwa pendekezo zuri. Idara yake ilikuwa na kozi ya mwaka wa pili, Misingi ya Takwimu, krediti 8, iliyofundishwa kwa ubao na kikokotoo kwa miaka mingi. Alitaka iondolewe, mahali pake iwekwe kozi mpya ya krediti 12, wanafunzi wachambue data kwa kompyuta, tena data halisi za kilimo na afya. Na kwa kuwa kozi mpya ilikuwa nzito, aliweka sharti la awali: mwanafunzi awe amefaulu kozi fulani ya hisabati ya mwaka wa kwanza.

Hapa naomba mwalimu mgeni anivumilie kidogo, maana krediti ndizo zilizomfunga binti yule. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ile TCU, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, semina, maabara, kujisomea na mitihani. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Shahada ya awali ya miaka 3 haipungui krediti 360. Mwenye 359 hana shahada. Ni ukali unaostahili, kwa kuwa ndio unaokifanya cheti cha Mbeya kisomeke Dar es Salaam, na kwa jirani vilevile. Lakini maana yake ni kwamba ukigusa kozi ya krediti 8 umegusa hesabu ya kila mtu anayeitegemea, hata kama humjui.

Fomu ya mfumo ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa Programu Zinazoathirika. Mwandishi hakukijaza, maana kilijijaza chenyewe. Mfumo ulipekua mitaala yote iliyokuwa ndani yake, ukaandika neno moja: Hakuna.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mfumo haukudanganya. Uliulizwa ni nani anayeitumia kozi hii, ukajibu kwa kadiri ya ulichopewa. Shahada ya uchumi kilimo, katika kitivo kingine, ilikuwa imeitumia kozi ile kwa miaka mingi. Mwaka mmoja kabla, kitivo hicho kilipata mtaala mpya wenye kozi yake chenyewe ya takwimu, na mtaala huo mpya ndio ulioingizwa kwenye mfumo. Wa zamani haukuingizwa. Vijana wa TEHAMA waliuliza kama uingizwe, wakaambiwa wasijisumbue, unakufa huo. Ni kweli ulikuwa unakufa, lakini ndani yake walikuwamo watu.

Walikuwa 9. Sikuijua idadi hiyo wakati ule, niliijua baadaye. Wengine walikuwa wamefeli kozi ile na kuibeba, wengine walikuwa wameahirisha masomo. Wangekuwa mia mbili, wangejaa ukumbini siku ya kwanza ya usajili na chuo kizima kingejua. Watu 9 hawajazi hata benchi la nje ya ofisi ya msajili.

Pendekezo lilipofika kwenye kamati yangu, mimi nikiwa mwenyekiti, lilikuja pamoja na mengine 10. Miaka ile mapendekezo yalikuwa mengi kuliko kawaida. Mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021, ulikuwa umevisukuma vyuo vya umma kupitia upya mamia ya mitaala ili ilingane na mahitaji ya kazi, na kila idara ilitaka yake ipite. Ni kazi njema na ilikuwa imechelewa. Ila mkono uliokuwa ukisoma mapendekezo matano kwa muhula sasa uliletewa matano kwa wiki. Mfumo ulikuwa umewekewa tarehe ya mwisho, na tarehe ile ungefungwa saa 6 usiku.

Nilikuwa nyumbani. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba. Nilikuwa nimefundisha asubuhi, mchana nikasimamia jaribio, jioni nikasahihisha, na mtandao ulikuwa unasumbua tangu magharibi. Ulipotulia nikanunua bando, nikafungua kompyuta, nikakuta mapendekezo 11 yananisubiri. Nilisoma la kwanza lote. La pili nilisoma nusu. Kuanzia la tatu nilitazama jina la mwandishi, nikaona mkuu wa idara ameidhinisha, nikajiambia: huyu ni makini, amesoma. Nikabofya kijani. Nikabofya kijani tena. Kitu ninachokumbuka vizuri kuliko vyote, na kinachoniuma, ni ile raha ndogo ya kuona idadi inashuka: saba, sita, tano.

Mkuu wa idara naye, alikuja kuniambia baadaye, hakusoma kisanduku cha programu zinazoathirika, kwa kuwa alijua kamati yangu itasoma. Amidi aliona majina yetu wawili, akatuamini. Kurugenzi ya uhakiki ubora ilikagua kama saa zinalingana na krediti, na zililingana: 120 kwa krediti 12. Siku ya Seneti, mapendekezo yote ya chuo yaliwekwa kwenye jedwali moja, mwenyekiti akauliza kama kuna hoja, pakawa kimya, yakapitishwa kwa ujumla wake. Sahihi nane, na kila mmoja ameegemea bega la mwenzake. Nani alikuwa amesimama kwa miguu yake?

Miezi ikapita. Kozi mpya ikaanza, wanafunzi wakaipenda. Mhadhiri kijana akapongezwa, na alistahili.

Kisha Jumanne moja, mwezi wa kumi, nilikuwa natoka darasani simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya mtu mzima, taratibu.

"Naongea na Mwalimu wa kamati ya mitaala?"

"Ndiye. Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Mimi ni mzazi wa binti yako mmoja hapo chuoni. Samahani kwa usumbufu, najua una kazi. Namba nimepewa kwenye kitivo chao."

Akanieleza. Binti yake alikuwa uchumi kilimo. Mwaka wa pili, muhula wa pili, aliahirisha masomo kwa kuwa alijifungua. Mwaka uliofuata alirudi kwenye muhula uleule, akajisajili kozi zote isipokuwa moja, maana ile haikuwamo tena kwenye orodha. Akajaribu ile mpya ya krediti 12, mfumo ukamwandikia kwa wino mwekundu kwamba hajakidhi sharti la awali. Akaomba ile ya mtaala mpya wa kitivo chake, akajibiwa kwamba hiyo si ya mtaala wake. Alizunguka ofisi nne. Ya mwisho ilimwambia aendelee tu na masomo mengine, hilo litashughulikiwa. Akaamini. Akaingia mwaka wa tatu, akafanya utafiti wake, akaumaliza. Orodha ya wahitimu ilipotoka hakujiona. Alikuwa na krediti 352.

"Binti anasema somo limefutwa," mzee akasema. "Mimi sikusoma sana, Mwalimu. Naomba unieleweshe. Mtoto anatakiwa kulisoma somo, bado hajalisoma, linafutwaje?"

Nikanyamaza.

"Nani amelifuta?"

Nikamwambia nitafuatilia, nimpigie kesho.

"Nitashukuru. Maana tiketi nimeshakata, za watu watano. Tunatoka Sumbawanga."

Nilifunga mlango wa ofisi nikafungua mfumo. Jambo moja ambalo mfumo unalifanya vizuri kuliko kabrasha lolote ni kukumbuka. Kila kubofya kuna jina, tarehe na dakika yake. Nikaitafuta kozi ile, nikafungua historia ya pendekezo, nikashuka jina kwa jina. La tatu lilikuwa langu: saa 5:47 usiku. Nikafungua mapendekezo mengine ya usiku ule. Tisa ya mwisho niliyaidhinisha ndani ya dakika sita.

Kama ingeishia hapo ningejitetea. Ningesema kisanduku kiliandika Hakuna, nami ningejuaje. Lakini chini ya majina palikuwa na sehemu ya maoni, na katika sehemu ile palikuwa na maoni mamoja tu. Aliyeyaandika ni mkutubi. Kazi yake katika mfumo ilikuwa kuthibitisha kwamba vitabu vya kozi vipo, basi. Alithibitisha. Halafu akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba: "Wanafunzi walioahirisha au wanaorudia kozi ya zamani watafanyaje?"

Swali lilikuwa limeulizwa kwa maneno manane, na mtu ambaye halikumhusu. Nilimwuliza baadaye ilikuwaje. Akasema kaunta ya maktaba ndiyo mahali wanaporudi kwanza walioahirisha, kufufua kadi zao, hivyo yeye huwaona.

Chini ya swali palikuwa na jibu la mwandishi wa pendekezo: "Imezingatiwa." Na pembeni mfumo ulikuwa umeweka alama ya vema, maana yake hoja imefungwa.

Mnalijua neno hili. Ni neno letu sote wa maofisini. Limezingatiwa, limepokelewa, linafanyiwa kazi. Kwenye kikao cha ana kwa ana, ukijibu hivyo, mjumbe mkaidi atanyanyua mkono tena: imezingatiwa vipi? Mfumo wetu haukuwa na mkono wa pili. Aliyeulizwa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulifunga swali, na akishalifunga, kisanduku kinajikunja, na anayefuata haoni kitu mpaka akifungue kwa makusudi. Pendekezo lilirudi tena mbele ya kamati yetu baada ya maktaba, kwa uthibitisho wa mwisho. Hivyo nilipita juu ya swali lile kwa kitufe kilekile, mchana kweupe.

Nimefikiri sana juu ya kunyamaza kwetu mbele ya swali lile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado chuo kishiriki ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliitisha mkutano Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, kujadili chuo kifundishe nini katika nchi iliyochagua ujamaa. Walimu walibishana hadharani juu ya kozi za pamoja, nani azisome, nani azifundishe, na kwa nini. Mabishano yale hayakwisha siku ile. Mwaka 1973 ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na wanafunzi wa leo wanaolalamika kwa nini mhandisi asome maendeleo wanayaendeleza bila kujua. Sidai kwamba kila kozi ya krediti 8 iitishiwe mkutano mkuu. Nadai kwamba kozi hailindwi na idadi ya sahihi bali na mtu mmoja anayeuliza na mwingine anayelazimika kujibu. Hilo waliotutangulia walilifanya kwa mdomo, na walipochoka walikunywa chai wakarudi.

Wala jambo hili si dogo kwa sababu safari hii lilimkuta mmoja. Kwa majirani zetu wa Kenya, wahitimu zaidi ya mia moja wa uhandisi walifika hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka 2018. Walikuwa wamesoma, wamefaulu, wamehitimu, kisha bodi ya usajili wa wahandisi ikakataa kuwasajili kwa hoja kwamba programu yao haikuwa na idhini yake. Mahakama iliwapa haki yao. Lakini miaka waliyoipoteza wakisubiri kuitwa wahandisi hakuna hukumu inayoweza kuirudisha. Idhini iliyokosewa haimwumizi aliyeitoa. Inamngoja mtu mlangoni, siku ambayo anadhani safari imekwisha.

Nikampigia mzee siku ya pili kama nilivyoahidi. Niliwaza nimweleze habari za mtaala wa zamani na kisanduku na sharti la awali. Mwisho nikasema: "Mzee, uliuliza nani amelifuta. Tulikuwa watu wanane. Mmoja wao ni mimi. Sikusoma."

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ahsante kwa kunipigia." Akauliza kama inawezekana binti ahitimu mwezi ule. Nikamwambia haiwezekani.

Mkisikia hayo mtadhani kulirekebisha ni kubofya kinyume. Hapana. Kozi iliyofutwa haikuweza kufufuliwa, namba yake ilishakufa kwenye mfumo. Ilibidi kuomba Seneti itambue kwamba kozi ya takwimu ya mtaala mpya wa kitivo chao inalingana na ile ya zamani kwa wanafunzi wale 9. Ombi hilo nalo lilipita hatua zilezile nane, na safari hii kila mtu alisoma, tena kwa woga. Lilichukua wiki 11. Wanane walikuwa na mwaka mwingine mbele yao, wakaisoma kozi bila kupoteza kitu. Binti yule hakuwa nao. Mkopo wake wa elimu ya juu ulikwisha pamoja na mwaka wa tatu. Aliishi kwa shangazi yake, akasoma kozi moja kwa muhula mzima, mtoto mgongoni mwa jirani. Tulifanya mchango kimyakimya, sitaki kuuzungumza hapa kama sadaka. Lilikuwa deni.

Baada ya hapo walitokea waliosema turudi kwenye karatasi. Nilisimama nikapinga. Kwenye karatasi pendekezo lile lingelala, na kozi nzuri ya takwimu isingezaliwa, nao ni wanafunzi vilevile walionyimwa. Walitokea pia waliosema mfumo uongezewe kasi: mtu asipoidhinisha ndani ya siku 14, pendekezo lisonge lenyewe, ukimya uhesabiwe kuwa ni idhini. Hili nililipinga kwa nguvu zangu zote na nitalipinga mpaka nistaafu. Afadhali pendekezo lichelewe mlangoni pa mvivu, jina lake likionekana na kila mtu, kuliko lipite bila mtu yeyote kulibeba. Hoja yao bado ipo. Katika chuo chenu itakuja, kwa lugha tamu ya ufanisi. Simameni.

Tulichobadilisha ni vitu vichache. Mlango wa kuidhinisha mengi kwa mkupuo ulifungwa. Swali sasa linafungwa na aliyeuliza, si aliyeulizwa. Na kozi haifutwi tena. Inazimwa kwa wanaoingia, inabaki hai kwa waliomo, mpaka mwanafunzi wa mwisho anayeidai atoke. Mhadhiri yule kijana ndiye aliyeandika utaratibu huo, kwa hiari yake, na ameuandika vizuri.

Mama Mitaala nilimfuata mwenyewe. Nilimkuta kwenye chumba cha vitambulisho, mashine inanguruma. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakusema lolote. Aliinama, akatoa kaunta buku kutoka droo ya chini, akalamba kidole, akafungua. Kozi ile ilikuwapo, kwa penseli, na mbele yake: uchumi kilimo, mtaala wa zamani. Pembeni alikuwa ameandika majina sita ya walioahirisha. La tatu lilikuwa la yule binti.

"Mbona hukutuambia, Mama?"

"Ningewaambia wapi, Mwalimu? Ningebofya wapi?"

Leo ana kisanduku chake, mara baada ya kile cha mkuu wa idara. Hana uwezo wa kukataa pendekezo, ana kitufe cha njano tu, na anakitumia. Vijana wananung'unika.

Mahafali yaliyofuata, mzee alikuja. Watu watano kamili, na mtoto wa sita, anatembea. Baada ya joho na picha za kwanza aliniuliza kama ofisi yangu iko mbali. Nikampeleka. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini, akatazama rafu za vitabu, akatazama kompyuta.

"Mwalimu, hicho kitufe ulichoniambia. Naweza kukiona?"

Nikawasha, nikaingia kwenye mfumo, nikafungua pendekezo lililokuwa likinisubiri siku ile, nikashuka mpaka chini. Nikamwonyesha kwa kidole. Alivaa miwani, akasogea karibu na kioo.

"Kadogo hivi?"

"Ndiyo, mzee."

Aliendelea kukitazama. Nje binti yake alikuwa anamwita wakapige picha na mama yake kabla jua halijazama.